Karamojo Bell: mwindaji wa bunduki ndogo aliyefika mpaka mlangoni pa Mahagi

Kati ya wawindaji wote wazungu waliopita katika pori za Afrika miaka zaidi ya 100 iliyopita, mmoja anazungumziwa mpaka leo kila mahali watu wanapokaa kubishana juu ya bunduki na shabaha. Jina lake ni Walter Dalrymple Maitland Bell. Wengi wanamjua kwa jina la Karamojo Bell, juu ya safari zake ndefu katika nchi ya Karamoja, kaskazini-mashariki ya Uganda.

Katika maisha yake aliua tembo 1.011. Hesabu hiyo aliiweka yeye mwenyewe, maana alikuwa mtu wa kuandika kila kitu. Lakini siyo wingi wa tembo peke yake uliomfanya ajulikane. Wengine wa wakati wake pia waliua wengi. Kilichoshangaza watu ni kwamba karibu 800 kati ya hao aliwaua na bunduki ndogo ya milimita 7, ambayo wenzake waliiona inafaa kwa swala tu.

Habari yake inagusa pia upande wetu. Sehemu moja ya kazi yake aliifanya katika Lado, ile ardhi ya ng'ambo ya Mahagi na Aru, wakati bado ilikuwa mikononi mwa Bulamatari.

Yatima asiyependa shule

Bell alizaliwa mwaka wa 1880 huko Uskoti, karibu na mji wa Linlithgow. Familia yake ilikuwa na mali. Lakini mama yake alikufa Bell akiwa na miaka 2, na baba yake akafa yeye akiwa na miaka 6. Akabaki chini ya ulinzi wa kaka zake wakubwa.

Kaka zake walimtia shuleni mara nyingi, na mara nyingi akatoroka. Inasimuliwa kwamba katika shule moja alimpiga kichwani kiongozi wa timu ya kriketi kwa gongo la mchezo. Akiwa na miaka 13 alikwishaingia kazi ya meli. Tangu utoto kichwani mwake kulikuwa jambo moja tu: kuwinda Afrika. Familia ilipigana naye kwa muda, kiisha ikachoka.

Karibu na umri wa miaka 16 alifika Afrika Mashariki. Wakati ule Waingereza walikuwa wanajenga reli kutoka Mombasa kwenda Ziwa Victoria, na simba walikuwa wanasumbua wafanyakazi. Kijana huyu akapewa kazi ya kulinda watu na kupiga simba. Bunduki yake ilikuwa ya kalibari .303, ya risasi moja moja. Ukipiga, ni lazima ufungue, utoe ganda, utie risasi nyingine kwa mkono. Mbele ya simba, mtu mwenye bunduki ya namna hiyo hana ruhusa ya kukosa. Kwa mtoto wa miaka 16 lilikuwa somo kali: risasi ya kwanza ndiyo yenye kazi.

Kudanganywa Kanada, kutekwa Afrika Kusini

Kutoka Afrika alikwenda Kanada, katika eneo la Yukon, ambako dhahabu ilikuwa imeamsha watu wa dunia nzima. Wale wanaojua machimbo ya Ituri wanaelewa hali ya pale: watu wengi, chakula kidogo, bei juu. Bell akaona kwamba faida iko pia katika nyama. Akaanza kuwinda na kupeleka nyama katika mji wa Dawson. Alikuwa na mwenzake wa kazi. Bell anapiga, mwenzake anapeleka mjini na kuuza. Mwishowe mwenzake akapotea na pesa. Bell akabaki katika baridi bila kitu, mpaka akauza bunduki yake.

Njia ya kurudi Afrika aliipata katika vita. Waingereza walikuwa wanapigana na Makaburu huko Afrika Kusini, na jeshi la Kanada lilikuwa linatafuta watu wa kupanda farasi. Bell akajiandikisha. Katika mapigano farasi wake alipigwa risasi, naye akatekwa. Akatoroka, akarudi kwa wenzake, na baada ya hapo akatumiwa kama mpelelezi. Vita vilipokwisha mwaka wa 1902, alikuwa na miaka 21 na alikuwa Afrika. Hakutaka kurudi kwao.

Karamoja na Pyjale

Wakati ule pembe za tembo zilikuwa mali kubwa. Zilitengenezwa vibonyezo vya piano, mipira ya bilyadi, vishikio vya visu. Bell alisikia kwamba huko Karamoja, mahali serkali ya Uganda ilikuwa haijaweka mkono kabisa, kuna madume wakubwa wa tembo. Njia ya kwenda huko ilipita Mumias, magharibi ya Kenya ya leo. Kutoka pale misafara ya pembe iliongozwa na Waswahili na Waarabu waliokuwa wamezoea biashara hiyo miaka mingi kabla ya Bell. Lugha ya kambi ilikuwa Kiswahili.

Wakaramojong ni wafugaji, tena ni wapiganaji wenye sifa. Wafanyabiashara wengi waliingia kwao na bunduki mkononi na wasiwasi moyoni. Bell alichukua njia nyingine. Aliwalipa kwa mifugo wale waliomletea habari za tembo, na nyama ya tembo aliyeuawa iliachwa kwa wanakijiji. Tembo mmoja analisha watu wengi. Kwa njia hiyo habari zilianza kumfuata mwenyewe kambini.

Mtu mmoja wa pale aliyejiunga naye aliitwa Pyjale. Huyu Mkaramojong, mwenye mkuki wake, alimwongoza Bell katika nchi asiyoijua na alisimama karibu naye mbele ya tembo. Bell aliandika juu yake kwa heshima kubwa. Ni vizuri kukumbuka hili: nyuma ya mwindaji mkubwa kulikuwa watu wengi waliofuata nyayo, waliobeba pembe, waliopika, waliochota maji. Majina yao karibu yote hayajulikani. Bila wao, Bell asingeona hata mkia wa tembo.

Bunduki kubwa au ndogo?

Hapa ndipo mabishano yanapoanza. Wawindaji wa tembo wa wakati huo waliamini katika bunduki kubwa zenye midomo miwili, za kalibari kama .450 au .470. Risasi moja ya bunduki hiyo ina uzito wa gramu zaidi ya 30. Bunduki yenyewe ni nzito, mpaka mara nyingi inabebwa na mtumishi, na ikilia inapiga bega kama teke la punda.

Bell alijaribu hizo kubwa, akaziacha. Bunduki aliyoipenda zaidi ni ile ya milimita 7 ya aina ya Mauser, iliyouzwa na duka la Rigby la London kwa jina la .275. Risasi yake ilikuwa na uzito wa gramu 11 hivi. Alitumia pia Mannlicher-Schönauer ya milimita 6,5, iliyo nyepesi zaidi, lakini risasi zake zilimletea matatizo. Tena alitumia .318 ya Westley Richards na ile .303 ya jeshi.

Sababu zake zilikuwa za mtu wa kazi. Ya kwanza, bunduki inayopiga bega sana inamfundisha mtu kuogopa. Kabla risasi haijatoka, jicho linafunga, bega linarudi nyuma, kidole kinavuta kwa nguvu. Mtu huyo atakosa, hata kama macho yake ni mazuri. Ya pili, bunduki nyepesi mtu anaibeba mwenyewe kutwa nzima, kwa hiyo iko mkononi saa inapohitajika. Ya tatu, Mauser inabeba risasi 5, na mtu aliyezoea anazungusha kifungio chake haraka sana. Ya nne, sauti yake haitishi kundi lote kama ngurumo ya zile kubwa.

Lakini sababu kubwa kuliko zote ilikuwa hii: risasi inafanya kazi kulingana na mahali inapopita. Ikipita mahali pasipofaa, hata iwe kubwa namna gani, tembo ataondoka nayo akafie mbali, au atarudi kuua mtu. Ikifika kwenye ubongo au moyo, ile ndogo inatosha, mradi isivunjike wala kupinda njiani. Ndiyo maana Bell hakutumia risasi laini zinazopasuka. Alitumia risasi ndefu, yenye kichwa cha mviringo, iliyofunikwa kwa madini magumu, kama zile za askari wa wakati ule. Inapita ndani ya mfupa na nyama ikiwa imenyooka.

Alisoma kichwa cha tembo kabla ya kukipiga

Kichwa cha tembo kinadanganya. Kwa macho ni kikubwa kama nyumba ndogo, lakini sehemu kubwa ni mfupa wenye matundu matundu kama sega la nyuki. Ubongo umekaa nyuma na ndani, nao ni mdogo sana ukiupima na kichwa chenyewe. Mtu anayelenga kichwa tu, bila kujua ubongo uko wapi, atapiga sega la mfupa, na tembo ataondoka na maumivu.

Bell hakuridhika na maneno ya watu. Alichukua kichwa cha tembo aliyekufa, akakipasua kwa msumeno kutoka mbele mpaka nyuma, akaangalia. Alichora alichokiona, maana alikuwa na mkono mzuri wa kuchora. Michoro mingi katika vitabu vyake ni kazi yake mwenyewe. Alijifunza ubongo unakaa wapi tembo akisimama ubavu, akiangalia mbele, akiinua kichwa au akikiinamisha.

Baada ya hapo hakuangalia tena ngozi. Alijizoeza kuona ndani ya mnyama, kama vile ngozi ni kioo, na kulenga kile kilicho ndani. Mnyama akigeuka kidogo, mahali pa kulenga kwenye ngozi panabadilika, lakini ubongo uko palepale. Alifikia hata kupiga tembo anayekimbia kwenda mbali, akiwa nyuma yake kwa upande, risasi ikipita katika misuli ya shingo mpaka ubongo. Mtindo huo unaitwa mpaka leo kwa jina lake. Ni mgumu sana, na wengi waliotaka kumwiga walijeruhi tu.

Tofauti inaonekana hata kwa kundi. Tembo aliyepigwa ubongo anaanguka palepale bila kulia, na wenzake mara nyingi wanasimama wakishangaa. Tembo aliyepigwa tumbo anapiga kelele, na pori nzima inajua.

Mazoezi ya kila siku

Watu walisema Bell alizaliwa na shabaha. Yeye hakukubali hivyo. Alieleza kwamba ni mazoezi, na mazoezi yenyewe hayakuhitaji pesa mingi.

Kwanza, bunduki yake aliibeba mwenyewe. Wazungu wengi waliwapa watumishi bunduki, wao wakatembea mikono mitupu. Bell alitembea na yake mchana kutwa, ikawa sawa na jembe mkononi mwa mkulima. Uzito wake, urefu wake, namna inavyokaa begani, mwili ulijua bila kufikiri.

Pili, njiani alifanya mazoezi bila risasi. Aliiangalia bunduki kwanza kama iko tupu, kiisha akainua, akalenga jiwe, tawi au jani, akavuta kifyatulio polepole. Tik. Anazungusha kifungio, anarudia. Bunduki tupu haina sauti wala teke, kwa hiyo mtu anaona kosa lake wazi: mdomo wa bunduki ukitikisika wakati wa kuvuta, anajua kidole ndicho kibaya. Katika msafara wa miezi, mazoezi haya yanafika maelfu, bila kutumia risasi hata moja.

Tatu, hakupiga mbali bila sababu. Ufundi wa kwanza ulikuwa kukaribia: kujua upepo unatoka wapi, kutembea kimya, kungoja mnyama ageuke vizuri. Tembo wengi aliwapiga akiwa karibu sana, mahali ambapo mtu asiye na uzoefu anatetemeka. Hapo kinachomsaidia mtu ni moyo kutulia, na moyo unatulia kwa kuzoea.

Nne, alipokwisha kupiga, alitia risasi nyingine mara moja, kabla ya kuangalia kama mnyama ameanguka. Mikono ilifanya hivyo peke yake. Wawindaji wengi wamekufa wakiwa wamesimama kushangilia mnyama ambaye hakuwa amekufa.

Kuna kisa kinachosimuliwa sana juu yake. Alikuwa Jinja, Uganda, na risasi nyingi za ile .318 alizokuwa hazipendi tena, juu baadhi yao zilikataa kulia. Ili azimalize, alianza kupiga minandi, wale ndege weusi wa majini, wakiruka juu ya ziwa. Walianguka mmoja baada ya mwingine. Watu waliokuwa wanaangalia walidhani anatumia bunduki ya marisau, ile inayotawanya. Kumbe ni risasi moja moja.

Na kutembea pia kulikuwa kazi. Bell alipiga hesabu akaona kwamba kwa kila dume mmoja aliyeuawa, alitembea kilometa karibu 117. Kwa mwaka alimaliza jozi 24 za viatu.

Lado, mlango wa Mahagi

Sasa tufike kwetu. Mwaka wa 1894 Waingereza walimkodisha mfalme Léopold wa Pili wa Ubelgiji ardhi ya magharibi ya mto Nile, kutoka Ziwa Albert kwenda kaskazini mpaka Lado. Ni nchi ya Waalur, Walugbara, Wakakwa, Wamadi na Wabari. Waalur wa Mahagi, na Walugbara na Wakakwa wa Aru, ndugu zao wengi walikaa ndani ya ardhi hiyo, na hakuna aliyewauliza. Mkataba ulisema: ardhi ni ya Léopold mpaka atakapokufa.

Léopold alikufa tarehe 17 Desemba 1909. Wabelgiji walijua wanaondoka. Waingereza wa Sudani walikuja kupokea mwezi wa Juni 1910. Katika miezi ya katikati, karibu hapakuwa na serkali. Habari hiyo ilisikika Uganda, Kenya na hata mbali zaidi, na watu wa kila aina walivuka Nile na bunduki: wawindaji wa kweli, wafanyabiashara waliofilisika, askari waliotoroka kazi. Hakuna kibali wala mpaka wa hesabu. Hata Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, alikuwa kando ya Nile mwanzoni mwa 1910, akiwinda kifaru mweupe.

Bell alikuwa mmoja wa waliowinda Lado. Majani ya pale ni marefu kupita mtu, tembo anaweza kuwa hatua chache na usimwone. Huko ufundi wake wa kusikiliza, kukaribia na kupiga haraka ulimletea pembe nyingi. Inasemekana siku moja katika maisha yake aliua tembo 9, na pembe zao zilimpa pauni 877, pesa ambayo mfanyakazi wa Ulaya wakati huo hakuipata kwa miaka kadhaa.

Lakini Lado ilionyesha pia ubaya wa biashara ile. Baadhi ya wale waliovuka walinyang'anya vijiji chakula, walilazimisha watu kubeba mizigo, walipiga hovyo tembo wa kike na watoto wake. Bell mwenyewe, aliyechagua karibu kila mara madume wenye pembe kubwa, aliona mambo hayo. Kati ya tembo wake wote, wa kike walikuwa 28 tu. Hata vile, yeye pia alikuja kuchukua pembe na kuondoka. Faida ilikwenda Uskoti. Watu wa Lado walibaki na nyama ya siku chache na pori lililopungukiwa.

Mwaka wa 1914 sehemu ya kusini ya Lado, upande wa Arua, iliingia Uganda. Mahagi ilibaki Kongo. Ndiyo mipaka tuliyo nayo leo.

Rubani mwenye bunduki

Baada ya Lado, Bell aliwinda Liberia na upande wa Côte d'Ivoire, katika msitu mnene. Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza mwaka wa 1914, alirudi Uingereza akajifunza kurusha ndege. Akatumwa kama rubani Afrika Mashariki, katika vita dhidi ya Wajerumani huko Tanganyika. Inasimuliwa kwamba mara nyingine aliruka peke yake bila mwangalizi, ili apate nafasi ya kutumia bunduki yake kutoka juu. Baadaye aliruka upande wa Ugiriki na nchi za Balkani. Alipewa nishani ya Military Cross.

Kisha vita akarudi kwa tembo, akapita kwa mitumbwi katika mito ya Ubangi-Shari na Chadi. Safari yake ya mwisho Afrika aliifanya kwa gari, akipita Sudani na Chadi. Kwa gari walikwenda mbali haraka, lakini nyakati zilikuwa zimebadilika. Tembo wenye pembe kubwa walikuwa wachache na serkali zilikuwa zimeweka sheria.

Mwisho wake Uskoti

Bell alioa mke jina lake Katie, wa familia ya Soares, wakakaa Corriemoillie, katika milima ya Uskoti. Huko hakuna tembo. Aliwinda paa wakubwa wa milimani, tena kwa bunduki ndogo zaidi kuliko zile za Afrika, ya kalibari .22, kwa kanuni ileile: lenga mahali panapofaa, au usipige. Alijenga mashua kubwa ya mashindano na yeye na mke wake wakavuka bahari.

Aliandika vitabu. Cha kwanza kilitoka mwaka wa 1923, kingine juu ya Karamoja mwaka wa 1949. Cha tatu kilikusanywa na wengine kutoka maandishi aliyoacha, kikatoka mwaka wa 1960, yeye akiwa amekwisha kufa. Moyo ulimsimama mwaka wa 1954, akiwa na miaka 73.

Tunabaki na nini?

Kwanza, tusidanganyike juu ya bunduki ndogo. Bell aliweza kwa sababu alisoma mnyama, alizoeza mkono kila siku, na alikuwa na nafasi ya kungoja tembo asimame vizuri. Wengine waliochukua bunduki ile ile bila kazi ile ile walijeruhi wanyama, na baadhi yao waliuawa. Ndiyo maana leo, katika nchi nyingi za Afrika zinazoruhusu uwindaji, sheria inadai kalibari ya .375 au karibu na hiyo kwa wanyama wakali.

Somo la kweli ni juu ya mnyama aliyejeruhiwa. Watu wa vijiji vya Faradje, Aru na Mahagi wanajua vizuri. Mbogo aliyepigwa jana na mtu aliyekimbilia kupiga, leo anamngoja mama anayekwenda shambani au mtoto anayekwenda kuchota maji. Mboloko aliyepigwa tumbo anaoza porini bila kumlisha mtu. Mwenye kibali cha kuwinda, kabla ya kununua risasi nyingi, ajiulize kama anajua moyo wa mnyama uko wapi akiwa amesimama ubavu, kama amekwisha kuzoeza kidole chake na bunduki tupu, na kama yuko tayari kuacha mnyama aende akikosa nafasi nzuri. Kuacha ni sehemu ya shabaha.

La pili ni juu ya tembo wenyewe. Mwaka wa 1938 ilianzishwa Hifadhi ya Garamba, upande huu wa mpaka, katika pori linalofanana na lile Bell alilolijua. Miaka ya 1970 kulikuwa tembo zaidi ya 20.000 pale. Leo hawafiki 2.000. Kifaru mweupe wa kaskazini, yule Roosevelt aliyemfuata Lado, alikuwa na makimbilio yake ya mwisho Garamba. Leo porini hayuko tena. Dume wa mwisho alikufa Kenya mwaka wa 2018, wamebaki majike wawili tu. Walinzi wa hifadhi wengi wamekufa wakipigana na majangili wanaobeba silaha za vita, watu ambao hawasomi kichwa cha tembo, wanamwaga risasi tu juu ya kundi zima.

Katika nchi yetu tembo analindwa kabisa. Sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya ulinzi wa mazingira inaadhibu anayemwua, na biashara ya pembe kati ya nchi na nchi ilipigwa marufuku tangu uamuzi wa dunia wa mwaka wa 1989. Kazi ambayo Bell aliifanya na kupata sifa, leo ni njia ya gereza.

Wakati wa Bell, mtu angeweza kufikiri kwamba tembo hawaishi. Yeye peke yake aliua 1.011. Ukihesabu wale waliobaki Garamba, ni kama mtu mmoja, na bunduki yake ndogo, angemaliza zaidi ya nusu yao.